Halloween na mvua ya baridi: nitoke na watoto au tubaki ndani?

Shangazi, shikamoo.

Tunaishi Brooklyn Park, Minnesota, na hii ni Halloween yetu ya pili. Kwa wasomaji walio nyumbani: jioni ya tarehe 31 Oktoba watoto wa huku huvaa mavazi ya kujigeuza, wakapita nyumba kwa nyumba wakibisha hodi, na wenyeji huwatilia peremende kwenye mifuko. Nina binti wa miaka 6, kijana wa miaka 3 na kitinda mimba wa miezi 10. Baba yao ana zamu ya usiku, kwa hiyo jioni hiyo niko peke yangu nao.

Mwaka jana yalikuwa manyunyu tu, lakini hatukumaliza hata dakika 20. Gauni la malkia lililowa hadi magotini, mfuko wa karatasi ukapasuka njiani, na binti akalia kwa kuwa jaketi lilifunika gauni lote. Mwaka huu utabiri unasema nyuzi 35 za Fahrenheit (karibu 2 za Selsiasi), mvua, upepo, na huenda theluji usiku. Binti anataka kuwa malkia tena, mdogo wake simba. Rafiki yangu ananishauri tuzunguke kwa gari, tushuke kila nyumba. Mama mkwe naye, aliye Kisii, anasema hata mbuzi hafungwi nje kwa mvua kama hiyo.

Twende au tusiende? Na tukienda, niwavishe nini?

Mama Watatu, Brooklyn Park

*

Marahaba, mwanangu.

Nendeni. Ila nendeni kwa dakika 30, si saa mbili, na nyumba ziwe 10 au 12 za karibu. Mtoto wa miaka 3 hahesabu nyumba. Akishabisha hodi mara kumi na mfuko ukaanza kumlemea, kwake sikukuu imekamilika. Ni sisi wakubwa tunaotaka kumaliza mtaa.

Kinachowaharibia watoto jioni hii si baridi peke yake. Kukiwa kavu na hakuna upepo, nyuzi 35 ni hali ambayo watoto wa Minnesota huchezea nje kila siku. Taabu inaanza maji na upepo vikikutana. Upepo wa maili 15 kwa saa (kilomita 24) unafanya hizo nyuzi 35 zihisiwe mwilini kama 25, yaani kama 4 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na nguo iliyolowa inafyonza joto la mwili kuliko iliyo kavu. Halafu safari yenyewe ni ya kusimamasimama: hatua ishirini, panda ngazi, bonyeza kengele, subiri, sema asante, shuka. Mtoto hapati nafasi ya kukimbia akapata joto. Ndiyo maana yuleyule anayeviringika kwenye theluji saa nzima bila neno anaweza kulia baada ya dakika 15 za Halloween.

Kuna hali tatu za kukaa ndani bila mjadala. Radi ni ya kwanza: mkisikia mngurumo, kaeni ndani mpaka zipite dakika 30 tangu ule wa mwisho. Ya pili ni mvua inayoganda ikigusa ardhi, kwa sababu ngazi za watu zinageuka kioo na wewe una mtoto mkononi. Ya tatu ni upepo unaoangusha matawi. Mvua ya kawaida, hata theluji nyepesi, haimo katika orodha hiyo. Wenyeji wa hapo watakusimulia dhoruba ya Halloween ya mwaka 1991, iliyoanza siku yenyewe na kuendelea hadi tarehe 3 Novemba, ikaacha inchi 28.4 za theluji kwenye miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, na inchi 36.9 kule Duluth. Waliokuwa watoto wakati ule bado wanajisifu kwamba walitoka.

Siku hiyo usiangalie utabiri wa siku nzima, hauna faida kwako. Ingia weather.gov, ukurasa wa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani, uandike jina la mji wako, ufungue jedwali la saa kwa saa. Unachokitafuta ni mwanya mmoja kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni. Saa za Marekani, ambazo hurudishwa nyuma saa moja mwanzoni mwa Novemba, zinakuwa bado hazijarudishwa, kwa hiyo jua la Minneapolis huzama dakika chache tu baada ya saa kumi na mbili. Anayetoka saa kumi na moja huwa amesharudi kabla giza halijashika, na hapo ndipo wenye watoto wadogo nao wanakuwa nje. Chungulia pia tovuti ya mji wenu. Kuna miji inayohamisha siku hali ikichafuka. Des Moines, kule Iowa, ambako kwa desturi watoto walikuwa wakizunguka siku moja kabla ya Halloween, mwaka 2024 walisogeza jioni yao kutoka tarehe 30 hadi 31 kwa sababu ya dhoruba.

Sasa mavazi, maana hapo ndipo mwaka jana palipokushinda. Kosa halikuwa gauni wala jaketi. Kosa ni mpangilio: gauni ndani, jaketi juu. Mwaka huu geuza. Baridi ivaliwe ndani, umalkia uwe nje.

Karibu na ngozi weka nguo ya ndani ya kubana, ya poliesta au sufu, mikono mirefu na suruali. Usitumie pamba hapo, maana pamba ikilowa inashikilia maji na haikauki mwilini. Juu yake sweta, kisha jaketi jembamba lisilopitisha maji na suruali ya theluji. Juu ya hayo yote ndipo gauni. Ili liingie, nunua gauni la saizi mbili juu ya umri wake, au kama lile la mwaka jana ndilo lililopo, lipasue mgongoni kuanzia shingoni hadi kiunoni, ushone tepe mbili za kufungia. Mgongo huo utafunikwa na joho la malkia, hakuna atakayeuona. Kama mikono ya gauni haipiti kwenye jaketi, ikate kabisa. Taji shona kwa nyuzi nne juu ya kofia ya sufu, mbele, nyuma na pembeni, maana taji la kuning'inia juu ya kofia huruka na upepo wa kwanza.

Halafu pindo. Jaribu jambo moja leo: chovya ncha ya kitambaa cha gauni kwenye bakuli la maji, uache dakika tano. Utaona maji yanavyopanda, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Hivyo ndivyo gauni lilivyolowa hadi magotini wakati mvua yenyewe ilikuwa manyunyu: maji hayakutoka juu, yalitoka chini, kwenye madimbwi na majani yaliyolowa. Pindo lipande hadi katikati ya muundi. Mkia wa simba nao ufupishe, au uukunje na kuubana kwa pini, usiguse ardhi hata akichuchumaa.

Simba, kwa kweli, ni vazi la kushukuru Mungu. Lina kofia, linafunika mwili mzima na huwa la kitambaa kizito chenye manyoya. Chukua kubwa, liingie juu ya nguo za baridi. Usimpe kinyago cha uso. Mtoto wa miaka 3 haoni ngazi akiwa nacho, na pumzi yake inakilowesha kwa ndani. Rangi za uso za maji nazo hazifai mvuani, huchuruzika machoni. Chukua wanja wa penseli, chora pua nyeusi na mistari mitatu kila shavu. Ngozi yake ikiwa ya kusumbuka, mpake kidogo kwenye mkono siku mbili kabla, uone kama inawasha.

Juu kabisa, kama inanyesha, kila mmoja avae joho la mvua la plastiki linaloonyesha ndani, lile la dola moja au mbili. La mkubwa ni refu kwa mtoto, kwa hiyo lilaze sakafuni, uweke gauni juu yake, ukate kwa mkasi chini kidogo ya magoti. Kofia ya joho hilo ibane nyuma kwa pini; ikimfunika mtoto, anaona mbele tu, haoni gari linalotoka pembeni. Na mkifika kwenye nyumba iliyowasha mishumaa ndani ya maboga, wasisogee karibu. Plastiki na kitambaa chepesi cha gauni vinashika moto upesi, na boga la mshumaa huwekwa palepale kwenye ngazi, usawa wa pindo.

Miguuni, gambuti peke yake ni baridi tupu, maana mpira hauhifadhi joto. Weka soli ya ziada na soksi moja ya sufu. Moja, si tatu: soksi tatu zinabana kidole, damu haipiti vizuri, na mtoto analalamika baridi akiwa amevaa duka zima. Akiweza kuchezesha vidole ndani ya kiatu, sawa. Viatu vya kifalme vibaki nyumbani. Mikononi, glavu za mfuko mmoja, ambazo gumba tu ndilo limetengwa, zina joto kuliko za vidole vitano, ila hawezi kuokota peremende akiwa nazo. Kwa hiyo mwenye nyumba atie mwenyewe mfukoni. Mfundishe kuunyanyua mfuko badala ya kunyoosha mkono. Glavu za mdogo ziunge kwa kamba inayopita ndani ya mikono ya jaketi, la sivyo utazikusanya mtaa mzima.

Mfuko wa karatasi sahau. Ndoo ya plastiki ya boga inavumilia mvua, lakini inakinga maji kama pipa la bati, na peremende za vijisanduku vya karatasi zinageuka uji. Kinachofaa ni mfuko wa kitambaa wa sokoni wenye mfuko wa nailoni ndani, mdomo ukifumbwa kwa mkono. Vishikio vya mfuko wa mdogo vipige fundo, visiburute. Kila baada ya nyumba tano hamishia peremende kwenye begi lako la mgongoni. Humo uwe na taulo dogo na soksi kavu za kila mtoto, zimefungwa kwenye nailoni.

Kuhusu gari, sikubaliani na rafiki yako. Mtoto anapaswa kufungwa kwenye kiti chake kila mnaposogea, hata kama ni mita mia moja, na hafungiki salama akiwa na jaketi nene. Jaribu mwenyewe: mvishe jaketi, mfunge, kaza mikanda mpaka huwezi kuufinya kwa vidole begani. Mfungue bila kulegeza mikanda, mvue jaketi, mrudishe, umfunge tena. Nafasi utakayoiona kati ya mkanda na kifua ndiyo itakayopatikana gari likigonga, maana jaketi hubonyea lote mara moja. Kwa hiyo kila nyumba ni kuvua, kufunga, kufungua, kuvisha, na watoto watatu. Bado vioo vimejaa ukungu kwa nguo zilizolowa, na barabara imejaa watoto wa wenzako. Kama ni lazima muendeshe kufika mtaa mwingine, egesheni mara moja, mtembee. Njiani wavae sweta tu na blanketi juu ya mikanda.

Magari ya wengine ndiyo ya kuogopwa kuliko baridi. Utafiti uliochapishwa katika JAMA Pediatrics, uliopitia ajali za Marekani za miaka 42 (1975 hadi 2016), ulikuta hatari ya mtembea kwa miguu kufa jioni ya Halloween iko juu kwa asilimia 43 kuliko jioni kama hiyo wiki moja kabla na wiki moja baada. Sasa ongeza wipa, ukungu na mwanga wa taa unaomeremeta kwenye lami iliyolowa. Nunua utepe unaong'aa ukipigwa na taa, ubandike vipande vya kama sentimita 15: kila mkono, mgongoni, na kwenye mfuko. Ubandikwe juu ya joho la mvua lenyewe, na nyumbani, plastiki ikiwa kavu. Ukingoja mpaka lilowe hautashika. Vijiti vinavyong'aa navyo vinasaidia, ila usimwachie wa miaka 3 akitafune. Kikipasuka, maji yake yanachoma mdomo.

Njia ichore kama tarakimu nane, nyumba yenu ikiwa pale katikati mistari inapokutana. Mzunguko wa kwanza nyumba sita, mnapita mlangoni kwenu, mnaangalia hali, kisha sita nyingine au mnaingia ndani. Ukifanya mstari mrefu wa kwenda na kurudi, mtoto huchoka mbali kabisa na nyumbani, na hapo hubebi mmoja, unabeba wawili. Malizeni upande mmoja wa barabara, mvuke mara moja kwenye kona, mrudi kwa upande wa pili. Msikatize huku na huku. Bisheni hodi penye taa ya barazani iliyowashwa tu. Taa ikiwa imezimwa, maana yake hawapokei, na si kwamba wamekasirika. Ngazi za mbao zilizopakwa rangi huteleza zikilowa, kwa hiyo mdogo panda naye, mkono mmoja kwako, mwingine kwenye kizuizi.

Huyu wa miezi 10 ndiye fumbo lako halisi. Haimhusu Halloween hata kidogo. Suluhisho bora ni mama mwenzako mwenye mtoto mchanga pia: mmoja akae ndani na wadogo, mwingine azunguke na wakubwa wasiozidi wanne. Ukikosa mtu, mbebe kifuani ndani ya jaketi lako kubwa, uso wake ukiwa juu na pua unaiona muda wote. Mgongoni kwa leso, kama tulivyozoea, jioni hiyo hapana. Juu ya leso utahitaji jaketi na kofia, na uso wa mtoto usiouona unaweza kufunikwa bila wewe kujua. Kigari chenye kifuniko cha plastiki ni sawa mradi matundu ya hewa yabaki wazi, na usitupie blanketi juu yake.

Mtoto anayetetemeka anarudi ndani, hakuna nyumba moja ya mwisho. Anayenyamaza ghafla baada ya kulalamika ni wa kuangaliwa zaidi kuliko anayelia. Mkifika, vueni vilivyolowa kwanza, hata kabla ya kuhesabu peremende, kisha taulo, nguo kavu na kitu cha moto cha kunywa. Chai ya maziwa yenye tangawizi kidogo inatosha.

Peremende zitandaze kwenye taulo zikauke, utupe yoyote ambayo karatasi yake imefunguka. Wa miaka 3 asipewe peremende ngumu, karanga nzima, bisi wala ubani wa kutafuna. Hivyo vyote hukaba njia ya hewa, na vile vya kuvutika kama mpira ni vivyo hivyo. Kwa wasomaji Waislamu: hivyo vya kuvutika, hapa Marekani, mara nyingi vina jelatini ya nguruwe, kwa hiyo someni nyuma ya pakiti. Na boga la rangi ya samawati-kijani mlangoni linamaanisha kwamba nyumba hiyo ina vijizawadi visivyo vya kula, kwa watoto wenye mzio wa karanga na vinginevyo.

Ikitokea ile mvua ya kuganda, msilie. Makanisa na shule huwa na jioni za ndani, na kwenye jengo la ghorofa watoto wanaweza kubisha hodi kwa majirani wa ukumbi mmoja wakiwa na soksi tu. Peremende za kuwagawia wanaokuja kwenu, kwa kuwa mtakuwa nje, ziweke kwenye bakuli juu ya kiti chini ya paa, mbali na ukingo panapodondoka maji. Usipoweka, zima taa.

Picha ya kumtumia mama mkwe piga ndani, saa kumi na nusu, kabla joho la plastiki halijavaliwa. Kisii itakuwa saa sita na nusu usiku, ataiona asubuhi: malkia na simba, wote wakavu.